Inchi Mbili

Ililetwa kwa mnyororo, nyuma ya trekta la chama cha tumbaku,
haina milango, haina taa, siti moja tu,
na kuku aliyezoea kutagia chini ya boneti
akashuka nayo hapa Isevya kama mwenye mali.

"Nitaitengeneza kidogo kidogo," alisema Mihayo.
Nami, mwenye mimba ya Kalunde, nikauliza:
kidogo kidogo mpaka lini?
Akanijibu kwa kuingia uvunguni.

Mwaka huo ulikuwa wa breki.
Uliofuata ulikuwa wa gia boksi, iliyokaa jikoni kwangu
miezi minne juu ya gunia la matobolwa,
na msimu mzima tukatafuna matobolwa
yenye harufu ya gereji.

Keria aliiunga kwa vitanda viwili vya chuma
vya bweni la shule lililobomolewa.
Pua, ya kuvukia mito bila injini kunywa maji,
ni bomba la choo. Jipya, aliapa. Jipya kabisa.
Springi akaziongeza pleti, akaziongeza tena,
akapachika vipande vya mninga, akavitoa,
akaenda kwa Nkwabi wa karakana ya reli
akachongewa vya chuma.
Usiku akaninong'oneza,
kwa sauti ambayo wenzake huambiana habari za kiwanja:
"Tumepanda inchi mbili."

Tumepanda!
Mimi nilikuwa nimelala palepale chini.

Zuwena wa nyumba ya pili akanihurumia:
afadhali mke mwenza, walau ungemwona akizeeka.
Sikumjibu. Jioni ile nilikuwa nimeshika tochi,
na mkono wangu ulikuwa umeipata namba kumi na saba
gizani, kabla hajaiomba.

Kalunde alijua spana kabla ya kujua vidole:
nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tatu,
kumi na nne, kumi na saba.
Mwalimu akaniita shuleni kuniuliza
tisa na kumi na moja zimekwenda wapi.

Safari yenyewe ni ya mizinga ya marehemu mkwe wangu,
hamsini na kitu, juu ya miti kule mbele ya Ipole,
ambako masika udongo wa mbuga hushika gurudumu kama deni.
Kila tairi lilikula chake: mbuzi, redio,
cherehani yangu.
Hilo la cherehani tulilinyamazia siku tatu.

Mwaka wa kumi na moja, Jumapili, ikawaka.
Moshi ukameza kamba ya nguo.
Mihayo akavaa shati la harusi ya dada yake,
majirani wakajipanga, gia ikaingia bila kelele,
gari likasogea mpaka getini,
likasimama.

Keria imegusa linta.
Akashuka, akapima kwa vidole, akapima tena,
akacheka kama mtu aliyekatwa mshahara.

Nkwabi akasema punguzeni upepo.
Zuwena akasema toeni hivyo vitanda.
Mihayo hakusema. Alikuwa amechuchumaa,
anaipapasa ile pleti ya juu,
nikaona yuko tayari kuitoa.

Ukuta ule niliujenga mimi, kwa pesa ya kikoba,
tofali kwa tofali, yeye akiwa uvunguni.
Niliingia ndani, nikatoka na nyundo kubwa.
"Rudi nyuma kidogo," nikamwambia,
"usije ukapasuliwa taa."

Hatukufika Ipole. Kabla ya Sikonge gasketi ilikufa,
tukalala juu ya keria, kwenye vitanda vya bweni,
watatu, magoti ya Kalunde mgongoni mwangu,
chini yetu injini ikipoa, ti, ti, ti,
na Mihayo akihesabu kimoyomoyo
kitakachofuata.

Geti bado ni tundu. Kuku huingia na kutoka.
Wapita njia huniuliza tutalijenga lini.
Kidogo kidogo, nawaambia.